Mkwe wa Gongoni

Gongoni, Tabora
9 Novemba 1953

Mpwa wangu Eustadia,

Kabla sijakusalimu, ujue kwanza unaandikiwa na nani. Hapa Tabora hakuna somo linaloanza mpaka niamue mimi. Ile shule kubwa ya wavulana, wanamokuja kusoma watoto wa machifu kutoka Bukoba na Songea, Wazungu wake wenye digrii wanasimama na chaki mkononi wananisubiri. Nikinyamaza, wamenyamaza. Nikitoa sauti, shule nzima inasimama. Siku moja niliumwa jino nikachelewa kidogo, na jua lenyewe lilisita juu ya kilima, halikujua lipande au lirudi. Sisemi kwa kujisifu. Nakupa habari tu.

Sasa salamu. Mimi ni mzima, hofu yangu ni kwenu huko Goweko.

Dada yangu, mama yako, ameniletea salamu kwamba umefaulu kuingia chuo cha walimu wanawake. Hongera. Sikushangaa, maana damu ni yangu. Na wewe umeniuliza mji huu ukoje kwa mtu wa kukaa.

Mji huu ni wa wanafunzi, sisi wengine tunaishi pembeni yao kama kuku pembeni ya kinu. Shule zikifunguliwa, treni inatapika watoto na masanduku ya bati mpaka stesheni haina pa kukanyaga. Maandazi yanakuwa madogo siku hiyo hiyo. Shomari bin Mabruki, mshonaji wa hapa Gongoni, anashona kaptura za kaki mpaka cherehani inatoa moshi. Mimi mwenyewe niliwahi kuizima kwa birika la chai. Shule zikifungwa, mbwa wanalala katikati ya barabara na kinyozi anamnyoa mtu yule yule mara mbili ili mkono usisahau.

Na Kiingereza! Kila mtu ana kipande chake. Muuza maji anasalimia kwa Kiingereza, na punda wake ukimwambia asimame kwa Kinyamwezi anakutazama tu, kama mtu aliyesoma. Ile njia ya zamani ya misafara, waliyopita babu zetu na pembe za ndovu mabegani kwenda pwani, sasa wanapita wanafunzi mmoja nyuma ya mwingine, kiranja mbele kama kirangozi wa msafara, na mizigo yao ni vitabu. Babu yangu alibeba pembe mbili peke yake. Watu wanasema moja, lakini hao hawakuwapo.

Njoo. Nyumba ipo.

Mjomba wako,
Bernardo, Mwenye Sauti ya Shule


Goweko
21 Novemba 1953

Mjomba Bernardo,

Shikamoo. Sisi sote wazima. Bibi, mama yake baba, anakohoa kidogo lakini bado anagomba, kwa hiyo hatuna wasiwasi.

Barua yako tumeisoma hapa nyumbani kwa sauti. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Baba hakucheka. Unamjua, tangu awe katekista, kucheka anaweka kwa ajili ya Pasaka.

Mjomba, kuna jambo. Sista Mkuu wa chuo ametuandikia kwamba upepo wa mvua za kwanza umeezua bweni la wasichana wapya. Mpaka lijengwe upya, kila msichana mpya atakaa mjini katika nyumba ya jamaa yake, nyumba ya heshima, na baba yake lazima aione kwa macho yake kisha amjulishe Sista. Asiye na nyumba, nafasi yake anapewa mwingine, na mwaka kesho hapokelewi.

Baba aliposikia neno nyumba akamwuliza mama, "Bernardo ana nyumba? Bernardo yupi?"

Mama akasema, "Huyo huyo."

Baba akasema, "Nitakwenda mwenyewe. Nikikuta nyumba, Eustadia atasoma. Nikikuta hadithi, atabaki hapa tufunge tumbaku."

Mjomba, nakuomba uniambie kweli. Nyumba ni yako? Kama siyo, nijue mapema. Mimi nataka sana kusoma. Hapa nyumbani nikilisema sana naonekana nina kiburi, basi nimeliandika mara moja, sitalirudia.

Mpwa wako,
Eustadia Hilari


Gongoni, Tabora
30 Novemba 1953

Mpwa wangu Eustadia,

Nyumba! Wewe unaniuliza mimi habari ya nyumba! Bati lake likipigwa na mvua, watu wa Igalula wanaanua mahindi. Nyumba ina vyumba vinne, uani kuna kisima, na bustani ya mchicha ambayo Mzungu wa kilimo alisimama akaitazama akavua kofia.

Humo ndani yumo mama mmoja mjane, Bi Apolinaria, Mkatoliki wa rozari asubuhi na jioni. Yeye nimemwachia avitunze vile vyumba vitatu vya mbele, na bustani, na kisima. Mimi nimejibana katika kile kimoja cha uani, kwa unyenyekevu tu. Mtu mkubwa hahitaji nafasi.

Mwambie baba yako aje siku anayotaka. Nitampokea stesheni. Stesheni masta ni rafiki yangu, treni haifungi breki mpaka anione nimesimama pale.

Mjomba wako,
Bernardo, Mwenye Sauti ya Shule


Goweko
14 Desemba 1953

Shemeji Bernardo,

Tumsifu Yesu Kristo.

Nimerudi salama. Naandika ili niliyoyaona yasije yakasimuliwa vingine.

Treni ilifunga breki bila wewe. Nilisubiri, kisha nikauliza njia, Mwarabu mmoja muuza tende akanielekeza. Nilikukuta uani umebeba ndoo mbili za maji, unatafuna muhogo, na mama mmoja yuko mlangoni anasema, "Bernardo, ukishajaza pipa, njoo uwatazame kuku wako, wamenifukua bustani tena!"

Nikakuvuta pembeni nikakuuliza, "Shemeji, ni mama gani huyu anakutuma hivi nyumbani kwako?"

Nawe ukasema kwa sauti, na yeye anasikia, "Huyu? Huyu ni mama mkwe wangu. Nimemposa binti yake, yuko Ujiji."

Nilikaa juu ya kinu.

Bernardo, wewe ni mtoto wa Mnyamwezi au uliokotwa msafarani? Mimi nina miaka mingi na dada yako. Mpaka leo, mama yenu akitokea njiani, mimi naingia kichakani. Naingia na baiskeli. Mara moja niliingia na Padre akiwa kwenye keria, na Padre alichomwa miiba na hakusema neno, kwa sababu amekaa nasi anajua. Sijawahi kula mbele ya mama yenu. Sijalala chini ya paa lake hata mvua ilipobomoa langu. Nawe unalala kwa mkwe, unakula kwa mkwe, unampita umevaa kaptura, na shavu limejaa muhogo!

Nilimwendea yule mama nikamwuliza, "Mama, kweli huyu ni mkwe wako?"

Akakutazama wewe, akazitazama ndoo. Akasema, "Ndiyo, baba. Na mimi mwenyewe nimekuwa nikishangaa."

Ndiyo maana nilikwambia utoke saa ile ile. Nashukuru ulitoka, ingawa ulitaka kuhutubia.

Nyumba ni safi. Picha ya Moyo Mtakatifu iko ukutani na haina vumbi. Nimekwenda kwa Sista nikamwambia kwamba Eustadia atakaa pale, kwa mama mkwe wa mjomba wake, katika kile chumba cha uani. Yeye amekubali na mimi nimekubali.

Sharti ni moja. Nyumba ile iendelee kuwa nyumba ya ukwe. Nikisikia umekanyaga kizingiti chake, au umesimama na yule mama barabarani mnachekeana kama vijana wa ngoma, nitajua pale hakuna heshima, na treni itakayofuata nitapanda nije kumchukua mtoto. Watu wa Goweko wanakuja soko la Tabora kila juma, na wana macho.

Salamu kwa mchumba wako wa Ujiji.

Shemeji yako,
Hilari, Katekista


Gongoni, Tabora
20 Desemba 1953

Mpwa wangu Eustadia,

Utasikia huko kwamba baba yako alinitoa nyumbani. Hakuna aliyenitoa. Nilitoka. Mtu akitolewa hutoka na mkeka tu. Mimi nilitoka na mkeka na taa.

Kwa muda mrefu nilikuwa nafikiri kuhamia katikati ya biashara, pale mambo ya mji yanapoamuliwa, na ziara ya baba yako ilinikumbusha. Shomari bin Mabruki aliponiona napita na mkeka aliniangukia miguuni. "Bernardo," alisema, "nani atanilindia duka langu kama si wewe?" Basi nimekubali. Nalala juu ya majora ya kaki kama sultani, nguo ya shule nzima iko chini ya mgongo wangu. Kuku wangu nimemwachia Bi Apolinaria kwa muda. Hawakupenda kuhama.

Sikia sasa, na hili usilisome kwa sauti. Ukija mwezi wa kwanza, sitakuwapo stesheni. Usinitafute, usiniite barabarani ukiwa na yule mama. Ukiwa na neno, andika, barua ipeleke kwa Shomari. Najua mji ni mmoja na ungeweza kupaza sauti tu ningekusikia. Andika hivyo hivyo. Wakubwa huandikiana.

Usimwulize mama yule habari za binti wa Ujiji. Ni jambo linalomgusa.

Mjomba wako,
Bernardo, Mwenye Sauti ya Shule na Mlinzi wa Biashara


Gongoni, kwa Bi Apolinaria
20 Februari 1954

Mjomba Bernardo,

Shikamoo. Naandika nikiwa uani, na kutoka hapa naliona paa la duka la Shomari. Ni ajabu kutia barua katika bahasha iende hatua chache hivi, lakini umesema niandike.

Chuo ni kigumu na ninakipenda. Tunafundisha watoto wa darasa la kwanza huku Sista amekaa nyuma anaandika makosa yetu. Yangu ni kwamba nasema upesi. Mji uko kama ulivyosema, na zaidi. Jumamosi wavulana wa shule kubwa wanapita na tarumbeta zao, watoto wote wa Gongoni wanaandamana nyuma yao, na mafundi wanaacha kazi. Jirani yetu Bi Amne, ambaye hajawahi kuingia darasani, anajua tarehe ya kila mtihani kuliko mimi, maana ndizi zake zinauzwa kwa kalenda hiyo. Mtu akikutana nawe hakuulizi kabila kwanza, anauliza unasoma wapi. Mwanzoni nilijiona mdogo. Sasa nami nauliza.

Na kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, nasikia chuma kinalia toka upande wa shule kubwa. Ngaa, ngaa, ngaa. Siku ya kwanza Bi Apolinaria aliniambia, "Huyo ni mjomba wako na kipande chake cha reli. Injika uji." Kwa hiyo sasa najua sauti ya shule ni ipi. Sikucheka, mjomba. Ni kweli kwamba hawaanzi mpaka ukipige.

Nilimwuliza pia habari ya Ujiji. Nisamehe, ulinikataza. Alicheka mpaka rozari ikaanguka. Hana binti. Ana wana wawili, wote makuli wa reli, na wote wana ndevu. Nikamwuliza kwa nini basi alimwambia baba ndiyo. Akasema, "Mwanangu, nilimwona mtu mzima anadanganya huku maji yanamwagika miguuni mwake, nikaona kuna jambo kubwa nyuma yake. Ningesema hapana, baba yako angeondoka na kofia yake na masomo yako pamoja. Halafu mjomba wako alikuwa ananikoromea ukutani mwaka wa tatu huu. Nikapima, nikasema ndiyo."

Mjomba, Jumapili tulipotoka misani tulikuona unakuja. Ulipotuona uligeuka ukatazama ukuta wa duka la Mhindi, ukakaa hivyo mpaka tukapita. Wavulana wa shule walikuwa pale. Mmoja akasema, "Mzee Reli amepewa adhabu!" na wote wakacheka. Bi Apolinaria hakucheka, na mimi nilitaka kulia.

Wewe ulikuwa na chumba, sasa mimi ndiye ninayelala humo. Kitanda chako bado kina bonde upande wa kushoto. Siwezi kuwafundisha watoto wasiseme uongo, kisha nikarudi kulala ndani ya uongo.

Kwa hiyo nitamwandikia baba. Nitamwambia hakuna mkwe na hakuna binti, ulikuwa mpangaji tu, na mama huyu ni mtu mwema aliyenihurumia. Atakasirika, labda atatulia. Barua nitaitia posta Jumamosi. Nimeona nikwambie wewe kwanza.

Mpwa wako,
Eustadia


Dukani kwa Shomari
24 Februari 1954

Mpwa wangu Eustadia,

Usiandike.

Nimekaa na barua yako tangu asubuhi. Shomari aliponiona nimenyamaza aliniwekea mkono kwenye paji la uso. "Huna homa," akasema. "Basi nani amekufa?" Nikamwambia nafikiri. Akaita majirani waje waone.

Unasema baba yako labda atatulia. Eustadia, mimi nimemjua Hilari kabla wewe hujazaliwa. Yule mtu aliingia na Padre kwenye miiba. Ukimwambia hakuna mkwe, ataona vitu vitatu: mjomba mwongo, mama aliyemsaidia kudanganya, na binti aliyekaa ndani ya nyumba hiyo akijua. Hataona bati wala picha ukutani. Atakuja na treni, na wewe utarudi Goweko ukiwa umesema kweli, utafunga tumbaku, na kweli yako utamsimulia nani? Tumbaku haisikii.

Miaka miwili tu. Ukimaliza, ukishakuwa mwalimu na karatasi yako mkononi, mwandikie baba yako yote. Tia na mambo ambayo sikuyafanya, sitayakana.

Habari ya kulala usiihesabu. Shomari ni mtu mzuri, ila ana mdomo. Bi Apolinaria akipita barabarani yeye anapaza sauti, "Bernardo, mkwe wako huyo, ingia chini ya meza!" na mimi naingia, na wateja wanadhani ni sehemu ya duka. Wiki iliyopita mwalimu mmoja wa shule alikuja kupimwa suruali akanikuta huko chini. Nilimwambia natafuta sindano. Akapiga magoti akanisaidia kutafuta. Tulitafuta muda mrefu.

Wavulana wakiniita Mzee Reli, waache. Kesho nitakipiga kile chuma, na wataingia darasani mbio, wanaocheka na wasiocheka.

Sasa kuna neno moja. Ulisome mara moja kisha uichane barua hii, na Bi Apolinaria asijue kwamba nimekwambia, ingawa yeye alikuwapo.

Siku ya Alhamisi, nilipokwisha kupiga kengele ya saa nne, nilirudi kwa ile njia ya zamani ya misafara, nyuma ya shule. Hapakuwa na mtu. Wanafunzi wote nilikuwa nimewaingiza ndani mwenyewe. Soko si la siku hiyo, kwa hiyo wa Goweko hawakuwapo hata mmoja, na Shomari na mdomo wake walikuwa mbali. Mbele nikamwona Bi Apolinaria anakuja na kikapu chake, peke yake. Nikasema moyoni, leo ndiyo leo, nitasimama nimsalimu, nimwulize habari za kuku wangu, nimshukuru kwa ile siku. Maneno nilikuwa nayo. Unanijua, maneno sikosi.

Alipokaribia, miguu haikuniuliza. Nilivua kofia, nikaruka mtaroni, maji mpaka magotini, nikageuza uso kwenye majani.

Akasimama juu yangu. Akasema, "Bernardo, hapa hakuna mtu. Toka."

Sikutoka. Nilisema, "Pita, mama."

Akapita. Na mimi nilibaki mtaroni muda, Eustadia, kwa sababu sikuwa naigiza. Niliona haya kweli.

Mjomba wako,
Bernardo